Nakala Rudufu Inayorudi Kweli: Mwongozo Kamili kwa Maduka, Maghala na Ofisi Ndogo za Mtwara na Lindi

Mwenye duka moja la pembejeo Masasi alinikabidhi flashi aliyoitunza mwaka mzima, akaniomba nimrudishie orodha ya wakulima waliochukua salfa kwa mkopo. Kompyuta ya dukani ilikuwa imekufa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Ndani ya flashi nilikuta faili moja lenye ukubwa wa KB 2, na kwenye picha yake palikuwa na mshale mdogo pembeni. Ule ulikuwa mkato wa kufungulia faili, si faili lenyewe. Kila Jumamosi, kwa uaminifu mkubwa, alikuwa akinakili mlango huku nyumba ikibaki palepale.

Wengi wanaoniletea vifaa vyao wamekwama mahali hapohapo: wananakili, lakini hawajawahi kurudisha. Kwa sababu hiyo hatua ya 5, ambayo ni zoezi la kurudisha, nimeieleza kwa urefu kuliko nyingine zote. Usiiruke hata kama umechoka.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Andaa diski mbili za nje, kila moja ikiwa na nafasi angalau mara mbili ya taarifa zako zote. Ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika: A na B.

Tafuta UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, kwa ajili ya kompyuta yenye hesabu. Kazi yake si kukuwezesha kuendelea na biashara gizani, bali kukupa dakika chache za kufunga programu kwa utaratibu ili faili lisikatike katikati ya kuandikwa.

Uwe pia na kompyuta ya pili ya kuazima kwa nusu siku, akaunti ya hifadhi ya wingu (ya mtandaoni, kama Google Drive), daftari, bahasha mbili zinazofungwa kwa gundi, na chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Mwisho, tafuta programu ya kusimika mfumo wako wa hesabu pamoja na namba yake ya leseni. Kifaa hiki cha mwisho ndicho watu hukosa, kwa kuwa kilibaki kwa fundi aliyesimika mfumo, naye siku hizi yuko Dar es Salaam.

*Tahadhari:* Flashi na diski za bei ya kutupa, zilizoandikwa ukubwa wa kutisha, mara nyingi ni feki. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha zikishajaa kimyakimya huandika juu ya yale ya mwanzo au huyapoteza. Kabla ya kuamini diski mpya, ijaze yote kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huandika data kisha huisoma tena. Ikikuonyesha kosa hata moja, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Jua taarifa zako ziko wapi

Chukua daftari, tembea ofisini, uulize kila mtu anaandika nini na anakihifadhi wapi. Utashangaa. Madeni yako kwenye Excel, mauzo yako kwenye programu ya hesabu kama QuickBooks au Tally, mikataba iko kwenye barua pepe, na namba za wateja ziko kwenye simu ya karani, wala si ya ofisi. Kwenye chama cha msingi cha ushirika, orodha ya wakulima pamoja na kilo zao na namba za akaunti za benki huenda iko kwenye laptopu ya mtu mmoja tu.

Kwa kila kitu andika jina la faili, folda lilimo, ukubwa wake na mtu anayelitumia. Ukubwa ndio utakaokuokoa na kosa la Masasi: bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, usome. Daftari la wadeni wa miaka mitatu haliwezi kuwa KB 2.

Usisahau karatasi. Risiti za EFD, yaani za mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia, ilhali kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Zipige picha mapema, nazo ziingie kwenye orodha.

Hatua ya 2: Jibu maswali mawili kabla ya kununua chochote

Swali la kwanza ni hili: kompyuta ikifa sasa hivi, uko tayari kuandika upya kazi ya siku ngapi? La pili: biashara inaweza kukaa bila mfumo kwa saa ngapi kabla wateja hawajaanza kuondoka?

Majibu hubadilika kwa majira. Mwezi Mei, duka la vifaa vya ujenzi pale Lindi mjini linaweza kuvumilia kupoteza kazi ya siku tatu. Ghala la korosho mwezi Novemba, malori yakiwa yamepanga foleni na mnada uko jirani, haliwezi kupoteza hata ya asubuhi moja, maana uzito uliopotea mkulima hatauamini ukiandikwa kwa kukumbuka. Andika majibu ya majira yote mawili. Ukijibu kwamba huwezi kupoteza zaidi ya siku moja, basi unanakili kila jioni. Hakuna mjadala mwingine.

Hatua ya 3: Nakili kwa zamu, na diski isibaki imechomekwa

Kanuni inayojulikana ni tatu, mbili, moja: taarifa ziwe mahali patatu, kwenye aina mbili za vifaa, na nakala moja iwe nje ya jengo. Kwa biashara ya kawaida hapa kwetu maana yake ni kompyuta ya kazi, diski ya nje, na hifadhi ya wingu au diski ya pili iliyolala nyumba nyingine.

Tekeleza hivi kila jioni au kila wiki, kulingana na jibu lako la hatua ya 2:

1. Funga programu ya hesabu kabisa kwenye kompyuta zote. Faili likinakiliwa huku liko wazi, nakala inaweza kufika ikiwa imevunjika, na hakuna ujumbe utakaokuambia. Kama programu ina amri yake ya kutengeneza nakala rudufu, itumie hiyo badala ya kunakili faili kwa mkono.

2. Chomeka diski ya zamu. Wiki hii A, wiki ijayo B.

3. Tengeneza folda jipya lenye tarehe, ukianza na mwaka: 2025-10-06, kisha jina. Kwa mpangilio huo mafaili hujipanga yenyewe kwa kufuatana. Usiandike juu ya nakala ya jana, kwa kuwa kosa lililoingia leo litafuta jana iliyokuwa salama.

4. Linganisha ukubwa wa nakala na wa faili asilia.

5. Chomoa diski kwa utaratibu na uiondoe mezani.

Namba 5 ndiyo inayopuuzwa zaidi. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hutafuta kila diski iliyounganishwa na kuifunga nayo. Mwezi Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na virusi vya NotPetya, na kompyuta zinazosimamia mtandao wake mzima zikafutika duniani kote kwa sababu zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Iliyopona ilikuwa moja, katika ofisi ya Ghana, na ilipona kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na haikuwa mtandaoni. Sisi ambao tunakujua kukatika kwa umeme tunaweza kujipatia faida hiyo kwa makusudi, kwa kuchomoa waya tu.

*Tahadhari kuhusu wingu:* Folda linalojisawazisha na Google Drive si nakala rudufu kamili. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na huko. Linakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha linatoweka. Tena usitegemee wingu peke yake. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na mnamo tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikasuasua nchini. Aliyekuwa na nakala mtandaoni tu alizitazama kwa mbali, na kifaa kipya kutoka Dar es Salaam hakikupita. Nafasi ya bure ya GB 15 inazitosha hesabu za maduka mengi, lakini ichukulie kuwa nakala ya tatu, si ya kwanza.

Umefaulu hatua hii pale wiki nne zikipita na diski zote mbili zina mafolda yenye tarehe tofauti, kila moja likiwa na ukubwa unaoelekea kulingana na la kabla yake au kulizidi kidogo.

Hatua ya 4: Ifunge diski, kisha iweke pakavu

Diski yenye majina, simu na akaunti za benki za wakulima ikiibwa kwenye basi la Newala, aliyepata hasara si wewe peke yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Fungia diski kwa nywila, ukitumia BitLocker kama Windows yako ni toleo la Pro, au VeraCrypt ambayo ni ya bure.

BitLocker itakupa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uandike pamoja na nywila yenyewe kwenye karatasi mbili, uzitie kwenye zile bahasha, uzifunge, na uziweke nyumba mbili tofauti. Usivihifadhi ndani ya kompyuta ileile wala kwenye bahasha inayosafiri na diski. Nywila na ufunguo vikipotea, hakuna fundi Mtwara wala kwingine atakayekufungulia, na yeyote anayekuahidi hilo anataka fedha yako.

Kuhusu mahali pa kuweka: pwani yetu ina hewa ya chumvi na unyevu, na vyuma vya kuchomekea hushika kutu haraka. Weka diski ndani ya chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, iache itulie nusu saa kabla ya kuichomeka. Nyumba ya kuhifadhia isiwe ukuta kwa ukuta na duka. Kama una tawi au ndugu wa kuaminika Masasi, na duka liko Shangani, Mtwara mjini, hapo umepata mahali pazuri.

Hatua ya 5: Zoezi la kurudisha

Tenga nusu siku ambayo biashara ni tulivu. Kwa walio kwenye korosho, Agosti inafaa, Oktoba umeshachelewa. Chukua kompyuta ya kuazima, diski ya zamu iliyopita na saa ya ukutani.

Mwachie zoezi mtu ambaye si yeye anayenakili kila jioni. Anayenakili anajua mambo mengi ambayo hayakuandikwa popote, na siku ya maafa yeye ndiye anaweza kuwa Nachingwea msibani. Mkabidhi mwingine diski, bahasha na maelekezo, kisha kaa pembeni, ufunge mdomo, uandike kila anapokwama.

Aanze kwa kusimika programu ya hesabu kwenye kompyuta ngeni. Hapa ndipo mazoezi mengi ya kwanza hufia: namba ya leseni haipo, au toleo lililopatikana ni jipya na linakataa faili la zamani, au ni la zamani na linakataa faili jipya. Usiposimama hapa ukalitatua leo, utakutana na tatizo hilo siku ambayo huna muda nalo.

Baada ya hapo afungue diski kwa nywila iliyo kwenye bahasha, si kwa ile anayoikumbuka. Herufi O na sufuri, herufi I na moja, vimewatesa watu wengi. Anakili folda la tarehe ya karibuni kwenye folda jipya liitwalo JARIBIO.

*Tahadhari kubwa:* Zoezi hili lisifanyike kamwe kwenye kompyuta ya kazi. Amri ya kurudisha huandika juu ya taarifa zilizopo. Nimemwona karani mwenye bidii akirudisha nakala ya wiki iliyopita juu ya hesabu za leo, akapoteza siku sita kwa dakika mbili.

Faili likifunguka, usishangilie bado. Linalofunguka linaweza kuwa pungufu. Linganisha vitu hivi na daftari au na kompyuta ya kazi: namba ya risiti ya mwisho ya siku ile ya kunakili, jumla ya madeni yote, salio la wateja watatu unaowachagua bila mpangilio, mmoja wa zamani, mmoja wa katikati, mmoja wa juzi, na picha mbili za mikataba, uzifungue uzisome hadi mstari wa mwisho. Kisha toa chapa ya ripoti moja, kwa kuwa biashara nyingi hugundua hapo kwamba fomati ya stakabadhi yao haikuwa sehemu ya nakala.

Andika saa ya kuanza na saa ambayo mteja wa kwanza angeweza kuhudumiwa. Muda huo uulinganishe na jibu lako la swali la pili katika hatua ya 2. Kama ulisema saa nne na zoezi limechukua siku mbili, ukweli ni siku mbili. Amua sasa: ama uandae kompyuta ya akiba iliyokwisha kusimikwa programu, ama ukubali siku mbili na uimarishe utaratibu wa karatasi.

Zoezi likimalizika, futa JARIBIO kabisa kwenye kompyuta ya kuazima. Si yako.

Umefaulu pale mtu asiyenakili ameweza kufika kwenye salio sahihi la mteja bila kukuuliza swali hata moja. Zoezi la kwanza hufaulu kwa nadra, na usione haya; ndiyo sababu ya kulifanya mapema.

Hatua ya 6: Ukurasa mmoja wa dharura

Andika kwenye karatasi, si kwenye kompyuta, maana kompyuta ndiyo itakayokuwa imekufa. Ukurasa uwe na mambo haya: nani anatoa uamuzi na nani anashika nafasi yake akiwa hayupo, diski ziko kwa nani, bahasha ziko wapi, simu ya fundi, ya benki na ya mtoa huduma ya intaneti, na kipi kinarudishwa kwanza. Mauzo na madeni yatangulie. Ripoti za mwaka jana zisubiri. Nywila zisiandikwe hapo.

Ambatisha na kitabu cha stakabadhi chenye kaboni ambacho kurasa zake zina namba tayari. Kwa kitabu hicho mizani inaendelea kufanya kazi na mkulima anaondoka na karatasi yake mkononi, kisha karani anaingiza kwenye mfumo baadaye kwa kufuata namba. Mashine ya EFD ikiharibika, Mamlaka ya Mapato (TRA) ijulishwe mara moja.

Hatua ya 7: Jaribu usalama wako mwenyewe

Jaribu vya kwako tu, na kwa idhini ya maandishi ya mwenye biashara. Kuingia kwenye mfumo wa mtu mwingine ati unamsaidia kuupima ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Jaribio la kwanza ni la kuta. Ingia kwenye ruta kwa nywila iliyobandikwa chini yake kutoka kiwandani, ikikubali, badilisha. Angalia kama karani anatumia akaunti yenye mamlaka yote ya kompyuta. Mpe ya kawaida. Tafuta AnyDesk au programu nyingine ya kuingilia kwa mbali iliyoachwa na fundi, uiondoe. Pitia majina ya watumiaji mmoja mmoja. Aliyeacha kazi mwaka jana bado anaweza kuwa na nywila inayofanya kazi. Kama kompyuta bado inatumia Windows 10, fahamu kuwa masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Jaribio la pili ni la mlinzi. Kuna faili dogo lisilo na madhara liitwalo EICAR, lenye herufi 68, lililotengenezwa mahususi ili antivirasi ilitambue kana kwamba ni kirusi. Lipakue. Antivirasi isipopiga kelele, haifanyi kazi, hata kama alama yake ya kijani inang'aa.

La tatu ni la watu, nalo ndilo gumu. Tumia namba wasiyoijua, uwatumie wafanyakazi ujumbe unaojifanya unatoka kwa bosi, ukiomba namba ya siri iliyoingia kwenye simu ya ofisi. Atakayeituma asiaibishwe mbele ya wenzake. Mweleze faraghani, na umsifu hadharani aliyepiga simu kuuliza. Aliyeaibishwa leo atakuficha kosa la kweli kesho. Wakati huohuo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, uondoe usiyoitambua, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na akaunti ya wingu.

Hatua ya 8: Siku yenyewe ikifika

Kama skrini inaonyesha ujumbe wa kudai fidia, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, na upige picha ya ujumbe kwa simu. Usichomeke diski ya nakala kwenye kompyuta hiyo kwa sababu yoyote, hata kwa kuangalia tu. Hofu ndiyo huwafanya watu waichomeke, na hapo nakala ya mwisho nayo hufungwa. Usilipe, aliyekufungia hana mkataba nawe wa kukufungulia. Toa taarifa polisi, na kama taarifa za wateja zimevuja, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ijulishwe.

Kama ni maji, usiiwashe kompyuta ili kuona kama imepona. Ichomoe, igeuze maji yatoke, na umwachie fundi akaitoe diski.

Halafu chukua ukurasa wa dharura, mpe aliyefanya zoezi la hatua ya 5, na urudishe kwenye kompyuta safi tu, ukianza na nakala ya tarehe iliyotangulia shambulio. Ukiwa huna hakika shambulio liliingia lini, rudi nyuma folda moja zaidi, kisha ujaze pengo kwa kurasa za kaboni. Mauzo yakisharejea, andika palipokwama, rekebisha ukurasa, badilisha nywila zote, nunua diski ya kuchukua nafasi ya iliyotumika, na uandike tarehe ya zoezi lijalo kwenye kalenda ya ukutani.